Vua Glavu Kabla ya Kushika Kitasa: Hesabu ya Kushuka kwa Wanamaabara wa Mwisho wa Reli

Kila mwaka mitihani ya vyuo ikishaisha, wanafunzi wa bioteknolojia hutawanyika nchi nzima kwa mafunzo kwa vitendo, na wenye bahati hufika kwetu Kigoma, mwisho wa reli. Wanashuka na begi, kompyuta, koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, na swali moja: dagaa wanauzwa wapi? Swali zuri. Nenda Kibirizi, wahi asubuhi.

Mmekuja mahali penyewe, wadogo zangu. Hapa pana kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ambako kuanzia 1998 Mradi wa Nyanza uliwakusanya wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kulisoma ziwa. Kaskazini kuna Gombe, alikotua Jane Goodall Julai 1960 kuwafuatilia sokwemtu. Na mbele yenu kuna Tanganyika lenyewe, kina chake karibu mita 1,470, lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Sampuli zipo za kila namna: mapezi, konokono, maji, kinyesi.

Sasa, anayeshika sampuli ana koti. Ana glavu. Amesoma mihula kadhaa. Mimi namfikiria zaidi yule asiye na koti: mfagiaji, mlinzi wa usiku, mama ntilie wa nje ya geti, mtoto anayeoga ufukweni Katonga, mwenzako wa chumbani huko mtaa wa Mwanga. Hawa hawakusaini fomu yoyote, na hawajui mchana huu ulishika nini. Orodha hii nimeipanga kwa ajili yao. Tunashuka kutoka 10.

10. Ndala zibaki mlangoni

Ndala ni rafiki wa mguu, na jioni zivae uende Bangwe kupunga upepo. Ndani ya maabara, hapana. Tone la asidi halipigi hodi, na chupa ikianguka vipande vyake huanza na vidole vya miguu. Vaa kiatu kinachofunika mguu mzima.

Rasta zifungwe nyuma. Dada wa Ujiji mwenye mtandio, hakuna anayekutaka uuvue: chagua wa pamba, ncha zake ziingie ndani ya koti, na koti lifungwe vifungo vyote. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23 alilipukiwa na moto wa kemikali akiwa na sweta la nyuzi za viwandani, hana koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Koti lililotundikwa msumarini linaukinga msumari.

9. Mgebuka wa maabara haendi na ugali

Hili ni la Kigoma hasa. Kwingine sampuli ni udongo au tope, hakuna anayeitamani. Kwetu sampuli ni samaki. Ukifungua friji ya maabara saa nane mchana, tumbo likiwa tupu, unakuta migebuka na dagaa wamelala kwenye mifuko wakingoja kupimwa, na wote wanang'aa. Usidanganyike! Samaki aliyehifadhiwa kwa formalini amejaa formaldehidi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kumsuuza hakumfanyi chakula. Kumkaanga kwa mawese hakumfanyi chakula. Pilipili nayo haijawahi kuitisha formalini.

Friji ziwe mbili, na mkate wako usikae hata dakika kumi kwenye ile ya sampuli. Chai inyweni nje, chini ya mwembe, ambako ni kutamu zaidi hata hivyo.

Halafu lebo. Nimeona lebo nyingi nzuri, zilizoandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, na zote zinamsaidia msimamizi ambaye tayari anajua kilichomo. Mfagiaji anayeingia alfajiri peke yake ndiye anayehitaji kusoma. Andika kwa herufi kubwa: SUMU. SI CHAKULA. Weka tarehe na jina lako. Na naomba sana, kwa moyo wote: usiweke kemikali kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kigoma kuna joto, mtu ana kiu, chupa ni ileile anayoinunua dukani kila siku, na formalini haina rangi. Ukiwa huna chombo kingine, kazi hiyo isubiri kesho. Etanoli pia ifungiwe kabatini. Nyingine imechanganywa na methanoli, na methanoli hupofusha, hata aliyedhani ameonja tu.

8. Mdomo una kazi zake

Kula, kuongea, kutaniana. Kufyonza pipeti hakumo. Ajali ya kwanza ya namna hii iliyoandikwa ni ya 1893, daktari alipovuta mchuzi wa vimelea vya homa ya matumbo ukamwingia kinywani. Zaidi ya karne imepita. Hatuhitaji ajali nyingine ili kuthibitisha. Kama kituo hakina pipeti za kisasa za kutosha, bomba la sindano lisilo na sindano, likiungwa na kipande cha mpira, litafanya kazi hiyo bila kuugua.

7 na 6. Moto, na jiki

Nazileta pamoja kwa sababu hukaa kona moja ya meza na zote mbili huanza na mtu aliye na haraka.

Moto kwanza. Unapopanda bakteria kwenye sahani, unachovya kijiti cha kioo kwenye etanoli, unakipitisha motoni, kinawaka, kinazimika, unasambaza. Kosa la kila msimu ni kukirudisha kijiti kwenye kopo kikiwa bado kina moto. Kopo linawaka. Mwali wa etanoli ni mwepesi sana, mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu huutambua kwa mkono badala ya macho. Anashtuka, analisukuma kopo, na sasa meza nzima inawaka. Fanya hivi: kopo liwe na etanoli kidogo tu, liwe mbali na mwali, na kifuniko cha kioo kiwe kando yake. Likiwaka, funika. Usipulize, hii si keki ya siku ya kuzaliwa. Usilibebe kulipeleka nje. Moto ukikuzidi, toka, toa na wenzako, piga 114 kwa Zimamoto.

Jiki sasa. Kila nyumba inaijua, na ndiyo maana haiogopwi. Jiki na asidi vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Ukiichanganya na amonia, unapata gesi nyingine mbaya. Na hili wengi hawalijui: vifurushi vingi vya kutolea DNA vina dawa zenye guanidini, nazo zikichanganywa na jiki hutoa gesi za sumu. Kwa hiyo masalio ya vifurushi hivyo yana chombo chake, chenye lebo, na jiki haikaribishwi hapo. Mahali pake ni kwenye maji ya vimelea: sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo, kisha uache nusu saa kabla ya kumwaga. Iliyochanganywa wiki iliyopita ina harufu tu, nguvu imekwisha. Na chombo chenye jiki kisiingizwe kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vimelea kwa mvuke. Joto litaitoa gesi yote ndani ya chumba.

5. Sentrifuji haipendi upendeleo

Aliyepanda boti ya Gombe pale Kibirizi ameona nahodha akiwapanga abiria pande zote mbili kabla ya kutoka. Rota, ile sehemu ya sentrifuji inayozunguka, inahitaji nahodha wa namna hiyo. Kila tyubu iwe na mwenzake wa uzito uleule upande wa pili, na uzito upimwe kwa mizani. Kukisia kwa macho hakutoshi. Ukiwa na sampuli moja, jaza maji kwenye tyubu ya pili. Mashine ikianza kutetemeka na kutembea mezani, izime, usiikumbatie.

Ikipunguza mwendo, isubiri isimame kabisa. Tyubu ikivunjika ndani, acha kifuniko nusu saa, matone yaliyo hewani yatue, ndipo ufungue ukiwa na barakoa na glavu.

Na umeme ukikatika? Ukiwa unafanya kazi kwenye kabati la usalama wa kibiolojia, ile feni iliyokuwa inakukinga imesimama. Funika tyubu na sahani zako zote, shusha kioo, ondoa mikono, sogea. Sampuli zinaweza kurudiwa. Umeme ukirudi, iache feni izunguke dakika kadhaa kabla ya kuanza tena.

4. Usimmwagie jirani wa nchi nne

Jeli ya DNA ni kazi ya kupendeza. Ule mstari unaowaka gizani, wa samaki uliyemkata pezi mwenyewe, humfanya mwanafunzi apige kelele za furaha, na apige tu. Ila avae kinga ya uso mzima kwanza, kwa sababu mwanga unaouwasha mstari huo ni wa urujuanimno, nao huunguza jicho bila jicho kujua. Maumivu huja usiku, yaleyale ya mchomeleaji aliyefanya kazi bila miwani. Wakati wa kuyeyusha agarosi ya kutengenezea jeli hiyo, legeza kifuniko cha chupa, vaa glavu nene, na chupa ikitoka kwenye maikrowevu usiitikise usoni. Huchemka ghafla ikaruka.

Rangi ya ethidiamu bromaidi hujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA, ndiyo maana inazionyesha. DNA yako haina lebo ya kuiambia isiiguse. Weka sehemu moja ya meza kwa ajili yake, glavu zake, ndoo yake ya taka.

Na isiende kwenye sinki. Maji ya mji huu yanateremka kuelekea mahali pamoja. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yanayoingia ziwani hukaa humo kwa mamia ya miaka. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zote zinachota humo, na watu wanakunywa. Ukimwaga Bangwe umemwagia nchi nne kwa kikombe kimoja. Vituo vingi siku hizi vina rangi mbadala zilizo salama zaidi, na kama chuo chako kinakupa nafasi ya kuchagua, chagua hizo.

3. Sampuli haijakuambia kila kitu

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na maabara nyingine nyingi. Sampuli zetu zinatoka porini na ziwani, na hakuna anayejua zimebeba nini mpaka zipimwe. Kanuni ni moja: zote zina ugonjwa hadi ithibitike vinginevyo.

Konokono. Mwokote ufukweni, muweke kwenye glasi ya maji chini ya mwanga, na akiwa na maambukizi atatoa mabuu wa kichocho, wadogo wa kukimbia jicho. Kila buu ana nia moja, kutoboa ngozi. Hahitaji kidonda, na dakika chache zinamtosha. Kwa hiyo glavu ziwe ndefu na mkono wa koti uingie ndani yake. Ukirukiwa na maji hayo, futa papo hapo kwa taulo kavu na spiriti ya asilimia 70, uandike tarehe, upimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa ipo, prazikwanteli. Yale maji ya glasi yasimwagwe kwenye mtaro yakiwa hai. Mtaro una watoto.

Maji. Ziwa letu ni angavu, unaona mawe ya chini, na uzuri huo humfanya mgeni aamini kwamba ni safi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Kipindupindu kikalipuka. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa wakikadiriwa kufikia 3,000, na watu 31 walikuwa wamefariki, wawili kati yao wenyeji. Wazee wa mwambao huu hawahitaji kukumbushwa. Bakteria wa namna hiyo, akipata sahani yenye chakula na joto la usiku mmoja, anazaliana mamilioni. Sahani ya maji ya ziwa ifungwe kwa utepe, isifunguliwe kwa udadisi, na isinuswe. Pua ni ya kutafutia mahali panapokaangwa samaki. Ikimaliza kazi iingie kwenye otoklevu, nyuzi 121, dakika 15 au zaidi kwa kadiri ya mzigo, na utepe wa kupimia ubadilike rangi ndipo itoke kwenda kutupwa.

Kinyesi cha sokwemtu. Samahani kwa mnaokula, lakini hiki ni dhahabu ya Gombe. Kutokana na kinyesi kilichookotwa chini, bila kumchoma mnyama sindano, watafiti waligundua kwamba baadhi ya sokwemtu wa Gombe wana virusi vya SIV, jamaa wa karibu wa VVU. Mwaka 2009, jarida la Nature lilichapisha matokeo yaliyoshtua wengi: sokwemtu wenye virusi hivyo walikuwa kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wasio navyo. Kabla ya hapo iliaminika kwamba haviwaumizi. Kazi kubwa hiyo ilianza na mtu aliyevaa glavu, akachota kidogo kwenye tyubu yenye dawa ya kuhifadhi, akafunga vizuri, akaandika.

Ila ugonjwa una njia mbili. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwemtu wa Gombe. Wengine walikufa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Mahale nako, kusini, mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaua kadhaa, na virusi vilivyohusishwa ni vya binadamu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye mafua asipande boti, hata kama alishalipia, hata kama rafiki zake wote wanakwenda. Vaa barakoa, kaa mita zilizoagizwa, usiteme mate njiani. Sokwemtu hana bima ya afya.

2. Vua glavu, ndipo ushike kitasa

Tumefika kwenye jina la makala. Glavu huwapa watu ujasiri ambao haujalipiwa. Ukiivaa, unakingwa wewe. Kila unachokigusa baada ya hapo kinapokea ulichogusa kabla. Kitasa. Swichi. Kalamu ya mwenzako. Simu, ambayo usiku utaiweka shavuni ukimpigia mama kumwambia umefika salama. Ukitaka picha ya jeli, mwenzako asiye na glavu apige. Ukibeba kitu kutoka chumba kimoja kwenda kingine, mkono mmoja uwe na glavu na mwingine uwe mtupu wa kufungulia mlango.

Ujue pia kwamba glavu hazifanani. Klorofomu, inayotumika kutoa DNA kwa njia ya zamani, hupenya glavu za naitrili upesi sana. Ikikudondokea, vua mara moja, nawa, vaa nyingine. Profesa Karen Wetterhahn wa Dartmouth alikuwa bingwa wa metali zenye sumu. Mwaka 1996 matone machache ya dimethili zebaki yalianguka juu ya glavu zake za mpira, yakapita. Alifariki Juni 1997. Alifuata kanuni za wakati ule. Kanuni zikabadilishwa baada yake.

Kisha nawa kwa sabuni, hata kama glavu haikutoboka, na koti libaki kazini. Lisivaliwe kwa mama ntilie kama nishani, lisifuliwe pamoja na shuka za mwenye nyumba. Nawafahamu mnaopenda kupiga nalo picha mwaloni. Pigeni na jipya, kabla halijafanya kazi.

Kwa yeyote anayeona natia chumvi, kuna Janet Parker. Alikuwa mpiga picha katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Hakuwa mtafiti wa ndui. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu ya maabara ya ndui. Agosti 1978 aliugua, Septemba 11 akafariki, mtu wa mwisho kujulikana kufa kwa ugonjwa huo duniani. Hakuwahi kuvaa koti la maabara ile.

1. Sema

Kanuni zote tisa zitavunjwa siku moja na mtu mzuri, mwerevu, aliyechoka. Ndiyo maana namba moja ni hii. Ukijichoma, ukimwaga, ukivunja, ukimeza, ukihisi homa baada ya kushika sampuli, sema, saa ileile.

Najua kwa nini wanafunzi hunyamaza. Wanaogopa alama. Wanaogopa kuitwa wazembe mbele ya wenzao, na wengine ni wageni ambao hata njia ya hospitali hawaijui. Basi ijueni leo: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Ukichomwa na ncha kali, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usifyonze, kisha nenda. Kama palikuwa na damu ya binadamu, dawa za kuzuia VVU zina maana zikianzwa ndani ya saa 72, na saa ya pili ni bora kuliko saa ya sabini. Kemikali ikiingia jichoni, maji dakika 15 mfululizo, kope zikishikiliwa wazi, hata kama unalia. Sindano isirudishiwe kifuniko chake. Iende moja kwa moja kwenye sanduku la ncha kali, ili asubuhi isimpate mfagiaji ndani ya mfuko wa taka.

Na wasimamizi, kaka na dada zangu, hapa ni zamu yenu. Mwanafunzi akija kusema amemwaga, neno la kwanza mtakaloliongea litaamua kama wa pili atakuja. Ulizeni kwanza: umeumia? Karipio lisubiri mpaka meza ikauke. Kila chumba kiwe na daftari la ajali, lijazwe bila adhabu, lisomwe kila Ijumaa mbele ya wote pamoja na mfagiaji na mlinzi, kwa Kiswahili, wao wakiwa na haki ya kuuliza. Lining'inizwe karibu na mlango, na kalamu yake ifungwe kwa kamba, maana kalamu za maabara zina miguu.